Ndugu Walioko Kuwait

Aflah bin Said alipopata kazi ya ukalimani, mkewe Nasriya hakufurahi. Alimpikia chai, akamtilia maziwa, akamuuliza kama hapana kazi nyengine. Aflah akamwambia kazi nyengine zilikuwapo Unguja, na Unguja hawana tena.

Walikuwa wameingia Maskati mwaka uliofuata mapinduzi, na binti yao mdogo Mahbuba, na ruhusa ya kukaa iliyobidi kuombwa upya kila ilipokwisha. Walipanga vyumba viwili Matrah, juu ya ghala la mfanyabiashara wa ndimu kavu, na harufu ya ndimu hizo iliwaingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Nchi ilikuwa kimya. Gazeti hapana, redio zilisikilizwa madirisha yamefungwa, na kijana aliyetaka kwenda kufanya kazi nchi za nje ilibidi apewe ruhusa kwanza. Wengi waliondoka bila ya ruhusa. Waliporudi kuwaona mama zao walirudi kwa kificho, wakakaa ndani, wakaondoka tena.

Unguja, Nasriya alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya wasichana. Hapa wasichana hawakuwa na shule, kwa hiyo alimsomesha Mahbuba nyumbani, pamoja na Rahila, mtoto wa jirani, na akawakataza wote wawili kusema nje wanachofanya. Aflah yeye alikuwa karani wa forodhani. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, kinakwenda mbio na kinaeleweka, hakina habari ya kituo wala mkato. Kwa ajili ya Kiingereza hicho ndipo alipochukuliwa na ofisi moja iliyokuwa ndani ya kambi, nje ya mji, ambako watu waliokamatwa njiani walipelekwa kuulizwa maswali.

Mkubwa wa ofisi hiyo alikuwa Mwingereza, Meja Crowther, mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye Kiarabu chake kiliishia kwenye salamu. Siku ya kwanza alimpa Aflah sharti moja. Asiongeze neno wala asipunguze neno. Mtu akisema, aligeuze alilosema, basi. Aflah aliliona sharti hilo kuwa la haki, hata likampa raha. Mkalimani asiyeongeza kitu, alifikiri, hawezi kulaumiwa kwa kitu.

Mwaka ule vita vilikuwa vimeanza kusini, katika milima ya Dhofari, na khofu ilipanda kaskazini kabla ya risasi. Kijana yeyote mwenye kitu kipya kutoka nje alitazamwa mara mbili. Ndivyo alivyokamatwa Bakhit.

Alishushwa kutoka kwenye lori la abiria katika njia ya Sib. Ndani ya gunia lake, chini ya nguo, askari walikuta redio ndogo imefungwa kwenye kilemba. Alikuwa kijana mwembamba wa kijiji kimoja kilichoko nyuma ya Bawshar, chini ya mlima, mahali pa mitende na mbuzi. Alipoingizwa ofisini alimtolea salamu Aflah kwanza, kisha Meja, kama mgeni aliyeingia barazani kwa watu.

Meja akauliza nani aliyempa redio. Bakhit akajibu kwa Kiarabu cha kwao, bila ya kusita, kuwa ndugu zake walioko Kuwait ndio waliompelekea.

Aflah akaligeuza. Alisema, *The brothers that he has in Kuwait sent it to him.* Aliona limetoka vizuri.

Kalamu ya Meja ilisimama. Alimtazama Bakhit kwa muda, kisha akauliza kwa sauti yake ile ya upole, "Na wale wengine wako wapi?"

Aflah alidhani anaulizia watu waliokuwamo ndani ya lori. Wengi wao walikuwa wamekwishatawanyika askari walipokuwa wanapekua gunia. Lakini kazi yake haikuwa kudhani. Akaligeuza swali kama lilivyo, bila ya kuongeza wala kupunguza, "Na wale wengine wako wapi?"

Bakhit alimtazama Aflah usoni, kama mtu anayengoja maneno mengine yafuate. Hayakufuata. Akatazama mlango, akatazama mikono yake. Mwisho akasema, "Sijui."

Meja akaandika jibu hilo, akafunga kalamu, akamshukuru Aflah. Bakhit akapelekwa ngomeni, palipokuwa na gereza.

Aflah alirudi nyumbani adhuhuri na njaa yake. Nasriya alikuwa amepika wali na papa, na sinia ndogo ya tende ilikuwa imetangulia. Wakati wa kula Aflah alimsimulia habari ya kijana na redio yake, kama alivyozoea kumsimulia mambo ya kazini, kwa kuwa alimwonea huruma. Alipofika kwenye lile swali la Meja, Nasriya aliacha kula.

"Wengine gani?" aliuliza.

"Wa kwenye lori, nadhani."

"Alikuwa amekwisha taja lori?"

Aflah akafikiri. Lori halikuwa limetajwa kabisa. Nasriya akamtaka amwambie maneno aliyoyasema kwa Kiingereza, yale yale, asibadilishe hata moja. Aflah akayasema. Mkewe akafuta vidole vyake, akavuta sinia ya tende karibu.

"Baba Mahbuba, ulisema *that*. Una hakika?"

"Nna hakika. Ina kosa gani? Kijana kasema ndugu zake walioko Kuwait, na mie nikasema ndugu zake walioko Kuwait."

Nasriya alimjibu kama alivyokuwa akiwajibu wanafunzi wake waliokuwa na akili lakini wana haraka. Alimwambia kuwa kwa Kiswahili mtu akisema ndugu zangu walioko Kuwait, lugha inamwachia msikilizaji nafasi. Huenda ni wote, huenda ni baadhi yao. Na Kiarabu chao pia kinaacha nafasi hiyo. Kiingereza kinataka uchague. Ukitaja watu wengi, kisha ukaweka *who*, na kabla yake ukapumua, umesema habari ya wote. Lakini ukiweka *that*, hupumui. Neno hilo linaingia katikati ya wingi na kuukata.

Akaokota tende moja iliyobonyea. "Nikikwambia kwa Kiingereza, tende *that* zimeharibika zitupe, utatupa sinia nzima?"

"Nitatupa zilizoharibika."

"Kwa sababu ushajua ziko nyengine ambazo hazikuharibika. Sikukutajia. Lile neno ndilo lililokutajia." Akairudisha tende mahali pake. "Umemwambia Mzungu kuwa yule kijana ana ndugu Kuwait, na ana ndugu wengine ambao hawako Kuwait. Akauliza wako wapi, na yule mtoto akasema hajui."

Aflah alikaa na tonge mkononi. Nje mchukuzi alikuwa anapita na punda wake, anapiga kelele watu wampishe. Mahbuba akaomba maji, na hakuna aliyemsikia mpaka alipoomba mara ya pili.

Aflah aliinuka, akavaa kanzu yake, akatoka katika jua lile la mchana ambalo hata mbuzi hulikimbia. Alifika kambini amelowa jasho. Mlinzi akamwambia Meja hayupo na ofisi imefungwa mpaka kesho. Aflah akasema ana neno la haraka. Mlinzi, Mbaluchi aliyemjua kwa sura, alimuuliza kama ni neno la kumfikia Meja mwenyewe popote alipo, au la ofisi. Aflah akaogopa. Kumtafuta Mzungu nyumbani kwake ili kumwambia habari ya neno moja la Kiingereza, yeye mgeni ambaye ruhusa yake ya kukaa inasainiwa katika kambi hiyo hiyo, lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Akasema ni la ofisi. Akarudi Matrah.

Nasriya hakumlaumu. Alimuuliza tu kama amemwona, na alipoambiwa hapana, akaingia ndani kusali.

Asubuhi Aflah aliwahi kabla ya makarani. Alikuta alama za magurudumu mchangani na lango liko wazi. Mlinzi yule yule akamwambia Meja ameondoka alfajiri na malori mawili ya askari, njia ya Bawshar.

Alingoja barazani. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwita. Makarani waliingia, wakafungua madirisha, wakanywa kahawa. Mmoja alimletea kikombe naye akakishika mpaka kikapoa. Alikuwa akifikiri kuwa watu wa kijiji watasema wenyewe. Watamwambia Meja kuwa mama yake Bakhit hana watoto wengine, na mambo yatakwisha hapo. Kila alipojiambia hivyo aliona kuwa huko kijijini pia watahitaji mtu wa kugeuza maneno, na mtu huyo hamjui.

Malori yalirudi jua linapoinama. Kutoka la kwanza wakashuka askari wamechoka, hawazungumzi. Kutoka la pili wakamshusha kijana amefungwa mikono nyuma, uso umejaa vumbi. Kisha askari wawili wakapanda tena, wakateremsha kitu kilichofunikwa blanketi la jeshi. Mguu mmoja ulikuwa nje, hauna kiatu, na unyayo wake ulikuwa mweupe kwa matope makavu ya falaji, ule mfereji unaonyweshea mitende.

Meja alimwona Aflah barazani, akamwita ndani. Hakuwa na furaha ya mtu aliyeua. Alikuwa na utulivu wa mtu ambaye hesabu yake imekubali. Akamwambia kuwa kazi ya jana ilikuwa nzuri. Wale wengine wamepatikana. Walikuwa wawili, katika nyumba ya pili kutoka kwa mama yake Bakhit, na walipowaona askari walitoka mbio kupitia mitendeni. Waliamriwa kusimama na hawakusimama.

Aflah akasema alilokuja kusema. Aliieleza habari ya *who* na *that* vibaya kuliko alivyoelezwa na mkewe, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa mzito. Alisema kosa ni lake. Kijana alisema ndugu zake, wote, wako Kuwait. Hapakuwa na wengine. Hata lile *sijui* lilikuwa jibu la swali ambalo hakulifahamu.

Meja alimsikiliza mpaka mwisho bila ya kumkatiza. Alikuwa mtu aliyesoma, na Aflah aliona usoni mwake kuwa amefahamu kila kitu.

"Kama hapakuwa na wengine," Meja alisema, "basi nimewakuta nani?"

Aflah akasema hajui.

"Na kwa nini walikimbia?"

Hilo Aflah alilijua, au alidhani analijua, lakini lilikuwa jibu ambalo lingewatia hatiani kwa njia nyengine. Akaomba jambo moja tu, Bakhit aletwe na aulizwe tena, na safari hii aulizwe majina. Meja hakukataa. Siku ya pili yake Bakhit aliletwa, na Aflah akamuuliza ataje watoto wa mama yake, mmoja mmoja. Bakhit akawataja. Walikuwa watatu, na yeye mwenyewe akiwamo. Wawili wakubwa walikuwa Kuwait, wanafanya kazi ya ujenzi.

"Amur na Yaarub?" akauliza Meja, ambaye sasa alikuwa na majina hayo.

Aflah akayarudia. Bakhit akasema hao ni watoto wa dada ya mama yake, na uso wake ukachangamka kwa kusikia majina ya nyumbani. Akauliza kama wamekuja kumtazama. Meja alitaka kujua kasema nini. Aflah akageuza, neno kwa neno, na hakuongeza kitu.

"Ndivyo atakavyosema sasa," Meja akasema, na akaashiria Bakhit arudishwe.

Alipobaki na Aflah peke yake alimwambia kuwa hatamhitaji tena kwa kazi ya maswali, ila hana ubaya naye. Akasimama kumfungulia mlango, na pale mlangoni akasema, bila ya kukunja uso, kuwa Wazanzibari ambao ni watulivu wataishi hapa kwa salama. Alilisema kwa Kiingereza. Aflah alishuka ngazi za baraza akilirudia tamko hilo, akitafuta kama palikuwa na pumzi baada ya lile neno Wazanzibari. Alipofika nyumbani alilisema mbele ya Nasriya kama alivyolisikia. Nasriya akafunga dirisha la upande wa njiani, na tangu siku hiyo Rahila hakuja tena kusoma.

Yaarub alikaa kifungoni miezi, kisha akaachiwa bila ya maelezo, akavuka tena kwenda Kuwait, na huko ndiko habari yake ilikotoka. Yeye na nduguye Amur, yule aliyerudishwa chini ya blanketi, walikuwa wamerudi bila ya ruhusa kumwona mama yao aliyekuwa mgonjwa. Walipoona malori walidhani wamefuatwa kwa kosa hilo. Bakhit hakuachiwa. Aliyekuwa na ndugu wanaokimbia askari alikuwa mtu wa kuwekwa ndani.

Aflah alipata kazi kwa mwenye ghala aliyekuwa chini ya vyumba vyao, kuandika magunia yanayoingia na kutoka. Kila mkewe aliposikia viatu vya askari sokoni alitazama ngazi. Hakuna aliyepanda. Ruhusa yao ya kukaa iliendelea kutolewa, safari hizi kwa muda mfupi mfupi, na hawakuambiwa kwa nini.

Aliyepanda ngazi alikuwa Masouda, mama yake Bakhit. Alikuja asubuhi moja ya baridi, mwanamke mkubwa wa umri, kavaa barakoa, magoti yanamuuma. Alikuwa ameambiwa kuwa Matrah yuko Mzanzibari anayeijua lugha ya Mngereza, aliyekuwapo mwanawe alipoulizwa. Alikuja kuomba msaada. Hakujua zaidi ya hapo.

Nasriya akamkalisha, akamletea kahawa na halua. Masouda alizungumza Kiarabu taratibu ili wamfahamu. Alitaka Aflah aende kwa Mzungu amwambie kuwa yeye amezaa watoto watatu wa kiume tu, na kijiji kizima ni shahidi. Kama wanahitaji kiapo, ataapa.

Aflah alimtazama mkewe. Nasriya hakumsaidia kwa neno wala kwa ishara. Akajua kuwa likisemwa, ni yeye wa kulisema.

Akamwambia yote. Alimwambia neno alilosema na namna lilivyosikika, na kuwa ndiyo sababu malori yalikwenda kijijini. Hakujitetea kwa kusema alifuata sharti. Kikombe kidogo cha kahawa kilikuwa kimejificha kiganjani mwa Masouda.

"Ni neno gani?" aliuliza.

Aflah alidhani hakusikia vizuri. Masouda akauliza tena, anataka kulisikia neno lenyewe.

"*That*," Aflah akasema.

Masouda akalisema. Alilisema sawasawa, ile herufi yake ya Kiarabu, *dhali*, ikilitoa neno safi kuliko wanafunzi wote aliowahi kuwasomesha Nasriya. Alilisema mara moja tu. Kisha akauliza maana yake, na Nasriya ndiye aliyemjibu kuwa peke yake halina maana.

Masouda akaweka kikombe chini. Alisema kuwa hawezi kumwambia dadake, mama yake Amur, habari hiyo, na hawezi kurudi kijijini asimwambie. Nasriya alimshika mkono kumteremsha ngazi, na mkono huo, alisema baadaye, ulikuwa wa baridi kama wa mtu aliyetoka kuosha nguo. Kabla ya kutoka njiani Masouda aliwaambia jambo moja. Yeye amezeeka, na siku ngome itakapomtoa mwanawe huenda asiweze kufika mjini. Basi Aflah ndiye atakayekwenda kumpokea. Hakuuliza kama anakubali.

Serikali ilibadilika mwaka wa sabini, katikati ya joto. Watu walitoka majumbani na redio zao wakaziweka madirishani, na baada ya muda ikasemwa kuwa wafungwa wataachiwa. Aflah alikwenda kusimama nje ya ngome pamoja na jamaa za watu. Walitoka wachache wachache, wakifunika macho. Bakhit alikuwa na ndevu, na alitembea hatua fupi, kama miguu yake bado ina pingu. Alimtambua Aflah kabla ya Aflah kumtambua yeye.

"Wewe mkalimani," alisema.

Aflah akasema ndiye, na kuwa mama yake ndiye aliyemtuma. Bakhit akashukuru kuwa mama yake yu hai. Walikwenda kidogo wakisindikizwa na kelele za watu, kisha Bakhit akasimama.

"Uliniuliza wengine wako wapi," alisema. "Nimefikiri sana humo ndani. Nimewahisabu watu wote ninaowajua. Ulikuwa unamtaka nani?"

"Hakuna," Aflah akasema. "Lilikuwa kosa langu. Nitakueleza njiani."

Bakhit akakubali, kwa adabu ile ile ya siku ya kwanza. Palikuwa na gari ya watu wa Bawshar inayongoja, wakapanda nyuma. Ngome haikuruhusu wageni miaka yote ile, na habari za nyumbani hazikuwa zimemfikia. Gari ilipotoka mjini akaanza kuuliza. Aliuliza habari za mbuzi, na za kisima, na za yule dada ya mama yake kama alipona. Kisha akaanza kuuliza watu, mmoja mmoja, kwa majina yao, na Aflah akamjibu kila mmoja kadiri alivyojua, na jina la tatu lilikuwa la Amur.